Tiba za kusaidia wakati wa kemo: kitu gani, kiasi gani, siku ya ngapi

Mgonjwa wa saratani akianza kemo, yaani matibabu ya dawa za kuua seli za kansa, nyumba hujaa dawa. Shangazi analeta unga wa mlonge, jirani anakuja na majani ya mstafeli, rafiki wa msikitini anashauri hijama, na kanisani wametangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili yake. Wote wana nia njema, na wote wanauliza swali moja: kinasaidia kansa? Kwa mtu aliye kwenye kemo, maswali yenye uzito ni mengine, nayo ni mawili: ni dawa gani imo kwenye dripu yake, na leo ni siku ya ngapi tangu aipate. Hijama ambayo wiki moja kabla ya matibabu ingemwachia alama za mgongoni tu, siku ya kumi inaweza kumlaza wodini. Barafu inayookoa mdomo wa mgonjwa huyu ni mateso kwa mwenzake wa kitanda cha pili anayepewa dawa tofauti.

Yote yanayoelekezwa hapa ni ya kutumia pamoja na kemo, kupunguza madhara yake ili mgonjwa amalize mizunguko yote kwa wakati. Hakuna hata kimoja kinachoua uvimbe. Anayefikiria kuacha hospitali na kubaki na mitishamba ajue kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa 281 wenye saratani ya matiti, tezi dume, mapafu au utumbo mpana ambayo haikuwa imesambaa mbali, waliochagua tiba mbadala peke yake. Ukiwalinganisha na waliotibiwa hospitali, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5, na kwa saratani ya matiti ilizidi mara 5. Mwaka huo huo walitoa utafiti wa pili, wa wagonjwa waliochanganya tiba zote mbili. Hao nao hatari yao ilikuwa mara 2, na sababu kubwa ilionekana: wengi wao walikataa sehemu ya matibabu, ama upasuaji, ama mionzi, ama kemo yenyewe.

Kabla ya dripu ya kwanza: daftari

Nunua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza mwombe nesi aandike majina ya dawa zote za dripu kama yalivyo kwenye chupa, kwa herufi za chupa, au piga picha ya lebo. "Kemo nyekundu" si jina la dawa. Chini yake andika tarehe. Siku ya dripu ndiyo siku ya 1, na unahesabu kwenda mbele hadi dripu inayofuata. Mizunguko mingi ni ya siku 21, mingine 14, na zipo dawa zinazotolewa kila wiki.

Ukurasa wa pili ni wa kila kitu mgonjwa anachokula au kunywa kama dawa nje ya hospitali, vitamini zikiwemo. Andika jina la mmea kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, sehemu inayotumika (mzizi, gome, jani, mbegu), inavyotayarishwa, kiasi na saa. Pakiti ikiwepo, ibebe. Ukimwambia daktari "natumia dawa za kienyeji kidogo" hujamwambia kitu, maana hawezi kutafuta popote kitu kinachoitwa "kidogo". Daktari akiwa mkali, nenda kwa mfamasia anayechanganya dawa za kemo. Yeye ndiye mwenye vitabu vya mwingiliano wa dawa, na mara nyingi ndiye mwenye muda.

Kuna sababu ya ukaguzi wote huu. Dawa kama doksorubisini, vinkristini, paklitakseli na dositakseli husafishwa na ini. Sisplatini, kaboplatini na methotreksati hutoka zaidi kwa figo. Mmea unaolichosha ini au figo huifanya dawa ikae mwilini kuliko ilivyopangwa, na madhara huongezeka. Mmea unaoliamsha ini lifanye kazi kwa kasi huitoa dawa mapema, na uvimbe unapata nusu ya kipigo. Mgonjwa hasikii lolote kati ya hayo. Kinachoonekana ni kipimo cha ini kimepanda na daktari anaahirisha dripu kwa wiki, kisha wiki nyingine.

Kwa wanaopitia kwa mganga: Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mganga halali husajiliwa huko. Usajili unamtambua mganga. Haumaanishi kwamba mchanganyiko wake umepimwa pamoja na sisplatini. Muulize jina la mmea na kama kuna kingine kilichochanganywa. Akisema jina halitajwi, basi na dawa hainyweki, kwa sababu hakuna atakayeweza kukuangalizia. Tena dawa za unga zisizo na jina zimewahi kukutwa, katika nchi nyingi, zimechanganywa na steroidi au vidonge vya maumivu. Mgonjwa anajisikia nafuu ya ghafla, na homa yake inafichwa siku ambayo ingepaswa kuonekana.

Siku 3 kabla, na siku yenyewe ya dripu

*Tangawizi.* Hii ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko mimea yote inayotumika kwa kichefuchefu cha kemo, na bado watu wengi huitumia vibaya. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2012, wagonjwa 576 walitumia tangawizi au vidonge tupu juu ya dawa zao za kawaida za kuzuia kutapika. Kiasi kilichofanya vizuri ni gramu 0.5 hadi 1 kwa siku. Gramu 1.5 haikuleta faida zaidi. Walianza siku 3 kabla ya dripu na kuitumia siku 6 kwa jumla.

Nyumbani fanya hivi. Chukua unga wa tangawizi tupu, usio na viungo vingine vya chai. Nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu ni karibu gramu 1. Hicho ndicho kiasi cha siku nzima. Kigawe mara mbili, asubuhi na jioni, kwenye uji au maji ya uvuguvugu, baada ya kula kidogo. Mwenye tangawizi mbichi atumie kipande cha gramu 5 hivi, kinacholingana na ncha ya kidole cha mwisho hadi kiungo cha kwanza, kilichokunwa.

Makosa huwa matatu. La kwanza ni kuchemsha tangawizi nyingi hadi chai inawasha koo: deksamethasoni, steroidi inayotolewa pamoja na kemo, tayari inaudhi tumbo, na sasa mgonjwa anapata kiungulia anachodhani ni kichefuchefu, anaongeza tangawizi. La pili ni kutegemea soda ya tangawizi, ambayo ni sukari na gesi. La tatu, na ndilo baya, ni kuacha ondansetroni, dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika, kwa kuwa "tangawizi inatosha". Haitoshi. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiitumie kama dawa bila kuuliza.

*Kubonyeza kifundo cha mkono.* Weka vidole vitatu vya mkono mmoja juu ya kifundo cha mwingine upande wa ndani, kidole cha kwanza kikigusa mstari unaotenganisha kiganja na mkono. Pale vidole vinapoishia, katikati ya zile kano mbili, ndipo mahali penyewe. Bonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu lakini bila kuumiza, ukizungusha kidogo, dakika 2 hadi 3. Rudia mkono wa pili. Anza kabla ya dripu, kisha kila baada ya saa chache na wakati wowote kichefuchefu kinapopanda. Usibonyeze mkono wenye sindano ya dripu, wala mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi. Haina gharama na haiingiliani na dawa yoyote, kwa hiyo hata ikisaidia nusu tu hujapoteza kitu.

*Pumzi.* Baada ya mizunguko miwili au mitatu, wapo wanaoanza kutapika wakinusa harufu ya dawa ya kusafishia sakafu pale mlangoni, kabla hata ya kuchomwa. Mwili umejifunza. Vidonge vya kuzuia kutapika havifanyi kazi vizuri hapo, ndiyo maana mazoezi haya yaanze mzunguko wa kwanza, kabla mwili haujajifunza. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu 6, dakika 10. Halafu kaza misuli ya nyayo kwa sekunde 5 na uilegeze, panda miguu, mapaja, tumbo, mikono, mabega, uso. Ambaye kwake dhikri au rozari ndiyo inayompa mwendo wa pumzi, aitumie hiyo.

*Barafu mdomoni.* Hii ni kwa wanaopewa florourasili ya kusukumwa haraka kwenye mshipa. Dawa hiyo hukaa kwenye damu kwa dakika chache tu. Mdomo ukiwa baridi wakati huo, mishipa yake midogo inajibana na dawa kidogo ndiyo inayofika kwenye ngozi laini ya mdomoni. Anza kumumunya vipande vya barafu dakika 5 kabla ya sindano na uendelee hadi zitimie dakika 30, ukibadilisha upande. Tengeneza barafu nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, beba kwenye chupa ya chai. Vibarafu vya ubuyu na ukwaju vya mtaani visitumike: maji yake hayajulikani na asidi inachoma.

Kama kwenye daftari kuna oksaliplatini, barafu ni marufuku. Dawa hiyo hufanya mishipa ya fahamu iogope baridi. Maji ya friji yanaweza kumfanya mgonjwa ahisi koo limefunga na hapumui, na kushika chupa ya soda baridi kunachoma vidole kama sindano, kwa siku kadhaa baada ya dripu. Basi angalia: dawa hizi mbili mara nyingi hutolewa pamoja kwa saratani ya utumbo mpana. Oksaliplatini ikiwepo, ndiyo inayoamua.

*Glavu za kubana.* Paklitakseli huacha ganzi na michomo kwenye vidole, na wengine hubaki nayo kwa miaka. Njia rahisi iliyojaribiwa Japani ni kuvaa glavu za upasuaji zenye saizi moja chini ya mkono wako, mbili juu ya kila mkono, wakati dripu inapita. Zivae dakika chache kabla na uzivue muda mfupi baada. Vidole vikibadilika rangi au kuuma, vua. Mwenye mzio wa mpira aache. Wengine hutumia glavu na soksi za baridi, dakika 15 kabla, muda wote wa dripu, na dakika 15 baada. Ukitumia barafu, kitambaa kikavu kiwe katikati, ama sivyo ngozi inaungua kwa baridi.

Siku ya 2 hadi ya 6

Kichefuchefu cha sisplatini hupenda kurudi siku hizi, wakati mgonjwa yuko nyumbani na amejiona amepona. Vidonge alivyopewa vimezwe kwa saa zake hata kama hajisikii vibaya.

Maji ndiyo tiba kubwa ya siku hizi. Kwa sisplatini, maji hulinda figo. Kwa siklofosfamidi, hulinda kibofu. Lenga lita 2 kwa siku au zaidi, kwa vikombe vidogo vidogo, isipokuwa daktari wa moyo au figo ameweka kikomo. Kukojoa kila saa 2 hadi 3, na lazima kabla ya kulala, ili mkojo wenye dawa usilale kibofuni. Hapa ndipo mfungo mkavu unapoumiza. Mwombeeni mgonjwa kadiri mnavyoweza, lakini kama kuna sisplatini kwenye daftari, wafunge wengine, yeye anywe. Mwislamu mgonjwa anayo ruhusa ya kutofunga Ramadhani.

Madafu yanafaa kwa anayeharisha au kutapika. Nunua dafu zima, lioshe nje, likatwe mbele yako, linywewe hapo hapo. Lina potasiamu nyingi, kwa hiyo ambaye figo zake zimeanza kushindwa asilinywe. Kama hakuna dafu wala pakiti ya chumvichumvi ya kuharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kutokunywa, kwa hiyo pima, usikadirie.

Jambo dogo linalowatia watu hofu: doksorubisini hugeuza mkojo mwekundu kwa siku 1 au 2. Hiyo ni rangi ya dawa. Lakini dawa hii hutolewa mara nyingi pamoja na siklofosfamidi, ambayo inaweza kutoa damu halisi kwenye kibofu, na bitiruti nayo hupaka mkojo rangi. Usinywe juisi ya bitiruti siku 4 za mwanzo. Ukiona wekundu siku ya 3 au zaidi, utajua si dawa wala si juisi, na utakwenda hospitali.

Choo kigumu huletwa na ondansetroni, na zaidi na vinkristini na mofini. Papai bivu, maji, na kutembea hutangulia. Mshubiri usitumike: unafungua tumbo kwa kulikwangua na unaondoa potasiamu ambayo sisplatini tayari inaimwaga. Siku 3 bila choo na tumbo limejaa, mgonjwa akiwa kwenye vinkristini, aende hospitali.

Siku ya 7 hadi ya 14: siku za kuacha

Kemo hupiga seli zinazozaliana haraka, na kiwanda cha damu kwenye uboho ni mojawapo. Chembe nyeupe hufika chini kabisa kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Chembe sahani zinazogandisha damu nazo hushuka. Mgonjwa anaweza kuwa anacheka na kula vizuri huku mwili wake hauna askari. Wanaopewa dawa kila wiki hawana hesabu hii ya siku, kwao fuata kipimo cha damu, kile kinachoandikwa FBP au FHG.

Katika siku hizi kila kinachotoboa ngozi kisimame: hijama na chuku za damu, chale, akupancha, kutoga, tatuu. Bomba la kusafisha tumbo, liwe la hospitali au la mizizi, lisikaribie. Mkwaruzo mdogo wa njia ya haja kubwa unatosha kuingiza bakteria wa choo kwenye damu, na hakuna chembe za kuwazuia. Anayetaka hijama kwa imani yake asubiri matibabu yaishe na damu irudi. Akupancha inaweza kufanyika nje ya siku hizi, kwa sindano mpya za kutupwa, chembe sahani zikiwa zaidi ya 50 kwenye fomu na chembe nyeupe zikiwa zimepanda.

Tangawizi ya dawa isivuke siku ya 6. Chembe sahani zikiwa chini hakuna haja ya kuongeza kitu kinachoweza kulegeza damu zaidi. Maziwa mabichi, maziwa mgando ya maziwa yasiyochemshwa, na juisi za barabarani viachwe. Udongo wa kula pia, pamoja na kwamba unatuliza kichefuchefu: unabeba vijidudu na wakati mwingine risasi.

Mdomo huchubuka siku hizi hizi. Changanya kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha magadi soda ya kupikia kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Sukutua kila baada ya saa 3 na baada ya kula, tema, mwaga inayobaki jioni. Mswaki uwe laini sana. Mswaki wa mti unakwaruza ufizi, na ufizi usio na chembe sahani hauachi kutoka damu. Dawa za kusukutua zenye spiriti zinachoma bila faida.

Asali inastahili maneno yake. Ushahidi wake mzuri ni kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo: mililita 20, vijiko 4 vya chai, ikizungushwa mdomoni polepole na kumezwa, dakika 15 kabla ya mionzi, dakika 15 baada, na saa 6 baada. Kwa vidonda vya kemo peke yake haijasimama imara hivyo. Asali mbichi ya porini isitumike siku ambazo chembe nyeupe ziko chini. Mwenye kisukari, au ambaye deksamethasoni imempandishia sukari, aiache. Na asali inayouzwa kando ya barabara mara nyingi ni sukari guru iliyochemshwa.

Pima joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Ikifika 38, au akitetemeka kwa baridi hata bila homa, ni hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Usimpe parasetamoli kwanza kushusha, wala mwarobaini, wala dawa ya malaria ya kubahatisha, wala kujifukiza. Huyu anahitaji antibiotiki ya mshipani mapema, na kila saa inayopotea inahesabika. Mpelekeni na daftari, mkatamke mlangoni: "yuko kwenye kemo, siku ya kumi, ana homa."

Siku ya 15 na kuendelea

Damu inapanda, hamu ya kula inarudi, na hapa ndipo pa kujenga mwili. Uchovu wa kemo hauponi kwa kulala. Kinachoupunguza kuliko dawa yoyote ni mwendo: lengo ni dakika 30 za kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuongea, mara 3 kwa wiki, na kuimarisha misuli mara 2 kwa wiki. Anza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Kwa misuli, simama na kuketi kwenye kiti mara 10 bila kushika, pumzika, rudia. Kisha nyanyua chupa ya maji ya nusu lita kila mkono mara 10. Acha ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, hasa kama ulipata doksorubisini, ambayo inaweza kudhoofisha moyo. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa aulize kwanza ni mfupa upi usibebeshwe uzito.

Kukandwa kunatuliza wasiwasi na maumivu. Tumia mafuta ya nazi, mikono na miguu, dakika 15 hadi 20, kwa uzito wa kumpaka mtoto mafuta. Usikande juu ya uvimbe, mahali palipopigwa mionzi, wala mguu mmoja uliovimba na kuuma: hilo linaweza kuwa donge la damu, na kulikanda ni kulisukuma kwenye mapafu.

Hina ya majani kwenye mikono haina neno kama ngozi haijapasuka. Piko iachwe, inaunguza ngozi iliyolegea, na kucha zilizopakwa nyeusi huharibu usomaji wa kile kifaa cha oksijeni cha kidoleni.

Watu watataka kuongeza damu. Matembele, dagaa, maini yaliyoiva, maharage, vyote vizuri kama chakula. Ila upungufu wa damu wa kemo hutokana zaidi na uboho uliopigwa, kwa hiyo chupa tatu za juisi ya rosela hazitaupandisha kabla ya wakati wake. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito vina foliki asidi, na foliki asidi huongeza ukali wa kapesitabini (kemo ya vidonge) na florourasili: kuharisha na vidonda vya mdomo hupanda. Asiye na maelekezo ya daktari asivianze.

Mimea inayoulizwa zaidi

Mstafeli. Ule ujumbe unaosambaa wa kwamba una nguvu mara 10,000 kuliko kemo unatokana na kemikali moja iliyojaribiwa juu ya seli kwenye kisahani cha maabara. Mwilini mwa mtu haujathibitishwa. Majani na mbegu zina sumu ya mishipa ya fahamu, na katika kisiwa cha Guadeloupe matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Tunda kula. Chai ya majani kila siku hapana, na kwa aliye kwenye paklitakseli au vinkristini hapana mara mbili.

Balungi na danzi. Vinazima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, vikiwemo vidonge vya imatinibu vya saratani ya damu. Athari yake hudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na kidonge jioni hakusaidii. Machungwa ya kawaida hayana shida hiyo.

Kinachouzwa kama "vitamini B17" au mbegu za aprikoti, tunda dogo la Ulaya, si vitamini. Kinatoa sianidi tumboni, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Kilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178, matokeo yakatoka 1982: hakikuzuia saratani, na baadhi yao walionyesha dalili za sumu.

Habbat soda, kitunguu saumu, manjano: kiasi cha jikoni hakina shida. Mafuta, vidonge na vijiko vya kumeza ni kitu kingine, maana vinalegeza damu na vinagusa vimeng'enya vya ini. Viachwe wiki 2 kabla ya upasuaji wowote. Mlonge nao uliwe kama mboga, unga wake wa vijiko usubiri. Vitamini C na E za dozi kubwa zisitumike wakati wa kemo bila idhini, kwa sababu baadhi ya dawa huua seli kwa njia ile ile ambayo vitamini hizo huizuia. Bangi, mbali na sheria, moshi wake hubeba ukungu ambao mapafu yasiyo na chembe nyeupe hayauwezi.

Kwa watoto, wale wenye uvimbe wa taya wa Burkitt na wengineo, usiwape mtishamba wowote wakati wa kemo. Dozi zao huhesabiwa kwa ukubwa wa mwili, na nafasi ya kukosea ni ndogo mno.

Dripu ya mwisho ikiisha, subiri vipimo vya damu na ini virudi sawa kabla ya kurudisha chochote, kisha rudisha kimoja kimoja, kwa wiki kadhaa, ili kikileta shida ukijue. Wanawake wanaoendelea na tamoksifeni, kidonge cha saratani ya matiti, baada ya kemo waendelee pia na daftari: vidonge vya manjano hupunguza kiwango cha dawa hiyo inayofanya kazi kwenye damu, na tamoksifeni humezwa miaka 5 hadi 10. Manjano ya kwenye mchuzi yabaki.